Simu imeita, barua haijafika: niache kazi?

Dada mmoja wa Mafinga ameniandikia hivi:

"Kamwene mama, shikamoo. Nina miaka 31, ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya mbao hapa Mafinga, huu ni mwaka wangu wa sita. Mwezi uliopita nilifanya usaili Mbeya kwenye kampuni inayofungasha parachichi. Juzi HR wao, yaani afisa utumishi, alinipigia simu akasema nimepata, mshahara 1,150,000 na hapa nalipwa 750,000. Barua iko kwa mkurugenzi inasubiri sahihi, na wanataka niripoti tarehe 1 Julai. Notisi ni siku 28, kwa hiyo nisipopeleka barua ya kuacha kazi kesho tarehe 3 Juni, tarehe 1 itanikuta bado niko Mafinga. Mume wangu anasema bahati haiji mara mbili, niipeleke. Mama yangu anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nina mkopo wa SACCOS, umebaki 1,800,000. Barua nimeshaichapa, iko kwenye bahasha ndani ya pochi. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu, kamwene. Usiku ule ule nilikujibu neno moja tu, usipeleke, kwa sababu asubuhi ilikuwa karibu na bahasha ilikuwa tayari kwenye pochi. Sasa naomba nikueleze kwa kirefu kwa nini, na ufanye nini badala yake, maana kazi hii nakutakia uipate. Nyongeza ya shilingi 400,000 kwa mtu anayelipwa 750,000 ni zaidi ya nusu ya mshahara. Mtu hakai miaka sita sehemu moja halafu akaambiwa aipuuze nyongeza kama hiyo.

Nianze na tarehe 1 Julai, kwa sababu ndiyo inayokukimbiza. Ameiweka nani? Ameiweka HR, kwa mdomo, kwenye simu. Mtu ambaye bado hajaweza kukupa karatasi ameshakupa tarehe, na wewe umeichukua ile tarehe kana kwamba imeandikwa na kugongwa muhuri. Umekaa na kalenda ukahesabu siku kurudi nyuma mpaka ukafika tarehe 3 Juni. Mimi nataka uhesabu kwenda mbele: siku barua iliyosainiwa inapofika mkononi mwako ndiyo siku ya kwanza. Kuanzia hapo unatoa notisi yako, na kuanzia hapo ndipo tarehe ya kuripoti inapopatikana. Barua ikichelewa wiki mbili kwa mkurugenzi, na kuripoti kwako kunasogea wiki mbili. Ucheleweshaji wao waubebe wao.

Najua ninachosema, kwa sababu simu kama uliyopigiwa nimepiga mimi. Nimekaa ofisi za utumishi miaka 22, kwanza Iringa kisha Mbeya. Kuna simu moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa tunatafuta mtunza stoo. Kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi Njombe alijibu usaili vizuri kuwapita wote, na bosi wangu akaniambia, "Huyu ndiye." Nilifurahi, nikachukua simu: umepata, jiandae, barua inakuja. Sikumdanganya. Ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo nilivyoamini. Siku tisa baadaye makao makuu wakasimamisha ajira zote mpya mpaka hesabu za mwaka zifungwe. Nilipanga kumpigia. Siku ile ikapita na kazi nyingine, na iliyofuata hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi nikafika ofisini nikamkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi. Begi liko miguuni, blanketi limekunjwa juu ya begi na kufungwa kwa kamba ya katani, mkononi ana bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Alikuwa ameshaacha kazi Njombe, akapanda basi la alfajiri. Akasimama, akaniamkia. Sikuwa na barua ya kumpa.

Alikaa miezi minne bila kazi. Nilihangaika kumtafutia mwenyewe, na hatimaye akapata nafasi Makambako kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha. Kampuni haikumlipa hata nauli. Angedai kwa ushahidi gani? Alichokuwa nacho ni sauti yangu kwenye simu. Tangu siku ile, mpaka nilipostaafu, sikuwahi tena kumwambia mtu "jiandae" kabla karatasi haijasainiwa.

Kwa hiyo HR aliyekupigia anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado ukaumia. Anaposema "umepata", anachomaanisha ni kwamba jopo la usaili limekuchagua. Baada ya jopo bado kuna mwenye kushika fedha, kuna mkurugenzi, pengine kuna bodi ambayo haijakaa, kuna wadhamini uliowaandika kwenye wasifu wako ambao hawajapigiwa, kuna vyeti ambavyo havijahakikiwa. Popote hapo mambo yanaweza kukwama. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini nimeona yakikwama kwa namna nyingi. Kampuni ya parachichi au chai inasubiri oda ya mnunuzi wa ng'ambo, oda ikichelewa ajira zinaahirishwa. Kampuni ya mbao inategemea tenda, tenda inaota mbawa. Mradi wa shirika unatangaza nafasi na kufanya usaili huku mfadhili hajasaini. Na kuna moja ambayo watu hawaifikirii kabisa: yule unayekwenda kukaa kwenye kiti chake anabadili mawazo, anaomba kubaki, na anakubaliwa.

Hayo yote hayahusu uwezo wako, na huwezi kuyazuia ukiwa Mafinga. Unachoweza kukizuia ni hiyo bahasha isitoke kwenye pochi kabla ya wakati wake.

Sasa la kufanya. Mwandikie HR leo, kwa baruapepe, hata kama mmezoea kuchati WhatsApp. Baruapepe inabaki na tarehe yake, na anaweza kumpelekea mkurugenzi kama ilivyo. Andika kitu kama hiki:

"Nakushukuru sana kwa simu ya tarehe 31 Mei na kwa imani mliyonionyesha. Nafasi hii naitaka na niko tayari kuhamia Mbeya. Ajira yangu ya sasa inanitaka nitoe notisi ya siku 28, nami napenda kuondoka kwa utaratibu. Nitaiwasilisha notisi mara nitakapopokea barua ya ajira iliyosainiwa, na nitaripoti kazini ndani ya siku 30 tangu kuipokea. Kama kuna vyeti, majina ya wadhamini au vipimo vya afya vinavyohitajika kabla ya barua kutoka, naomba nijulishwe ili nivikamilishe wiki hii. Naomba pia mwajiri wangu wa sasa asipigiwe simu kabla sijasaini. Kwa sasa nawapa jina la msimamizi wangu wa kazi ya awali."

Angalia inachofanya. Inaanza na shukrani na kusema wazi kwamba unaitaka kazi, ili asije akasoma kusitasita ambako hakupo. Haisemi "siwaamini". Inasema una wajibu kwa mwajiri wako wa sasa na utautimiza, na mwajiri mwenye akili akisoma hapo anaona jinsi utakavyomtendea na yeye siku ukimuaga. Inamuuliza nini kimebaki, kwa hiyo jibu lake litakuonyesha barua imefika wapi hasa. Na lile ombi la mwisho, kwamba mwajiri wako asipigiwe simu, ni la muhimu sana kwa mtu wa Mafinga, mji ambao ukipiga chafya sokoni mtu wa kituo cha mabasi anakwambia pole. Bosi wako akisikia kwa mtu mwingine kwamba unaondoka, umeshaanza kuondoka kabla hujaamua.

Wengi wanaogopa kuandika hivi. Wanaona wataonekana wanaringa. Mwanangu, nimeajiri watu wengi, na kila niliyemtoa kwenye kazi nyingine alikuwa na notisi ya kutumikia. Hakuna HR anayeshangaa kusikia siku 28. Tarehe 1 inawekwa kwa sababu mwanzo wa mwezi unarahisisha malipo ya mshahara, basi. Mara nyingi ukiomba inasogea mpaka katikati ya mwezi au tarehe 1 inayofuata.

Wakikujibu kwamba haiwezekani, na usiporipoti tarehe 1 Julai nafasi anapewa mwingine, jibu kwa adabu kwamba uko tayari kutoa notisi leo hii wakikutumia barua leo hii. Kisha subiri. Kampuni inayokutaka kweli itapata sahihi moja ndani ya siku mbili. Kampuni inayoshindwa kupata sahihi moja kwa wiki nzima, halafu ikakutaka wewe ukate riziki yako kwa usiku mmoja, imeshakuonyesha jinsi itakavyokulipa mshahara tarehe 30. Na kama katika mazungumzo hayo mtu yeyote atakuomba hela, iwe ya fomu, ya sare, ya vipimo au ya "kuharakisha barua", kata simu. Hapo hakuna kazi.

Tuseme barua imefika. Usikimbilie mshahara, isome yote. Nenda kwanza kwenye maneno kama "endapo", "kwa kutegemea" na "baada ya kukamilika kwa". Utakuta sentensi ya namna hii: "Ajira hii itakuwa halali baada ya uhakiki wa vyeti na taarifa za wadhamini kuridhisha." Barua yenye sentensi hiyo ni afadhali kuliko simu, lakini mlango bado haujafunguka wote. Wape wanachotaka, kisha waombe mstari mmoja wa maandishi unaosema masharti yametimia. Ukishaupata, notisi yako itoke siku hiyo hiyo.

Usichanganye hilo na kipindi cha majaribio. Karibu kila barua itakuwa nacho, na huwezi kukisubiri kiishe ukiwa kwenye kazi ya zamani. Ila kifahamu vizuri: kwa sheria yetu, mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hana kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki kama aliyo nayo mtu wa muda mrefu. Wewe leo Mafinga unayo kinga hiyo. Mbeya utaanza upya. Ndiyo maana nitarudi kwenye suala la akiba.

Tazama na mshahara wenyewe. Shilingi 1,150,000 ni mshahara wa msingi, au ni jumla yenye posho ya nyumba na nauli ndani yake? HR kwenye simu hutaja namba kubwa. Malipo ya likizo iliyobaki na kiinua mgongo cha kisheria hupigwa kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo ukikuta msingi ni 700,000 na posho 450,000, kazi hii ni tofauti na uliyoielewa. Uliza pia kituo cha kazi. "Mbeya" kwa kampuni ya parachichi inaweza kuwa Uyole, inaweza kuwa Tukuyu, na kodi ya nyumba, shule ya mtoto na nauli havifanani. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, majukumu, saa za kazi, aina na muda wa mkataba, mshahara na jinsi unavyokokotolewa.

Katika orodha hiyo hiyo ya sheria kuna kipengele ambacho watu wanakiruka: mahali ulipoajiriwa, yaani ulikochukuliwa. Hakikisha wameandika Mafinga. Mkataba ukiisha ukiwa mbali na pale ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako kukurudisha, au kulipa gharama hiyo. Akiandika "Mbeya" kwa sababu usaili ulifanyika Mbeya, umepoteza. Nimeona familia ikilala kwenye vyombo vyake stendi kwa sababu ya neno moja kwenye fomu.

Mkataba usainiwe na pande zote mbili na nakala ubaki nayo wewe. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo, isiyo na sharti lililobaki, halafu wakaghairi, angalau una cha kupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaita CMA, ambayo ina ofisi Mbeya. Kwa simu peke yake utafika pale na hadithi tu.

Turudi Mafinga, kwenye notisi yenyewe. Hukuniambia mkataba wako wa sasa ni wa aina gani, na hilo ni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Lakini mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa mwajiri na mfanyakazi. Kama wako unasema miezi mitatu, hesabu yako ya tarehe 3 Juni ilikuwa imeshakufa kabla hujaianza. Na kama uko kwenye mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili, mambo yanabadilika kabisa: Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema huwezi kuacha katikati kwa notisi tu kama mwajiri hajavunja mkataba. Itabidi mkubaliane naye akuachie mapema. Toa mkataba kabatini usiku huu, uusome.

Ofisini kwako kutakuwa na mtu atakayekwambia, "Si una likizo? Ichukue, ihesabike kama notisi." Asikudanganye. Sheria hairuhusu notisi kutolewa ukiwa likizo, wala siku za notisi kwenda sambamba na siku za likizo. Mwingine atakwambia utoe "notisi ya saa 24" uondoke. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Kwako hiyo ni karibu mshahara mzima wa mwezi. Kama una haraka kweli, njia nzuri ni kumwomba bosi akupunguzie siku, na akikubali akuandikie.

Ukiondoka vizuri, unachostahili ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyokuwa hujaichukua kwa kiwango cha siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 za kazi, na cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki yako, kidai hata kama mmeagana kwa kununiana. Kiinua mgongo usikipigie hesabu. Zile siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika ni za mtu ambaye mwajiri ndiye aliyesitisha ajira yake. Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itaendelea kwa namba ile ile, lakini fao la kukosa ajira limewekwa kwa waliopoteza kazi bila hiari yao. Aliyeandika barua mwenyewe hayumo.

Hapa ndipo ninapotaka umwite mumeo mkae wote wawili. Tuseme ulipeleka ile bahasha na kazi ya Mbeya ikayeyuka. Mbele ya sheria na mbele ya mfuko, wewe ni mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Hukufukuzwa, kwa hiyo hakuna kiinua mgongo wala fao. Barua ikishapokelewa, huwezi kuifuta peke yako. Mwajiri anaweza kukubali uirudishe na anaweza kukataa. Ukikaa miezi mitatu bila kazi umekosa 2,250,000. Ukipata baadaye kazi yenye nyongeza ile ile ya 400,000, itakuchukua karibu miezi sita kufidia tu hiyo hasara. Na miezi hiyo mitatu SACCOS haisubiri. Huko kwenye fomu ya mkopo kuna majina ya wadhamini wako, na kama nawajua watu wa maofisini, ni wenzako wawili wa idara ile ile. Marejesho yakikwama yatakatwa kwenye mishahara yao. Mumeo hajafikiria hilo kwa sababu yeye anaona 1,150,000, na simlaumu, anakutakia mema. Mwonyeshe hesabu.

Kwa upande mwingine, mama yako naye asikufungie Mafinga. Amesema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa wiki hii amesema kweli, kwa sababu msala wako bado unapita. Ukishatandikwa mbele yako na kusainiwa, mbachao unakunjwa na hakuna ubaya wowote.

Wakati unasubiri, usikae bure. Weka kando kila unachoweza, ulenge walau matumizi ya nyumbani ya miezi miwili, kwa ajili ya pengo kati ya mshahara wa mwisho wa Mafinga na wa kwanza wa Mbeya, na kwa ajili ya ile miezi 6 ya mwanzo niliyokuambia. Ulizia SACCOS kama unaweza kuendelea kurejesha ukiwa kwa mwajiri mwingine. Panga hesabu zako za kazi ziwe safi, leja zimefungwa na risiti ziko kwenye mafaili. Mhasibu anayeondoka na vitabu visivyoeleweka huandamwa na maswali, na hata akiwa hana kosa jina linachafuka. Usilipie chumba Mbeya. Usimtoe mtoto shule. Na ofisini usimwambie mtu, hata yule mnayekula naye mchana.

Wapo wanaoniuliza jambo hili hili kuhusu ajira za serikali. Jibu ni lile lile, tena kwa mkazo zaidi. Kufaulu usaili wa Sekretarieti ya Ajira si kupangiwa kazi. Kuna waliofaulu ambao majina yao huwekwa kwenye kanzidata wakisubiri nafasi zitokee. Usiache kazi mpaka ushike barua ya kupangiwa kituo, na usome imekupa muda gani wa kuripoti.

Na kama kuna dada au kaka anayesoma hapa ambaye bahasha yake ilishatoka kwenye pochi, asipoteze siku. Nenda kwa bosi leo, ana kwa ana, na barua fupi mkononi ya kuomba kurudisha notisi au kusogeza mbele tarehe ya mwisho. Usitunge sababu. Sema ulitegemea nafasi ambayo haijathibitika. Kabla hajapatikana wa kuziba nafasi yako, mabosi wengi huona ni nafuu kubaki na mtu anayeijua kazi. Akishapatikana, mlango unakuwa mzito.

Wewe, siku barua ya Mbeya ikifika na masharti yote yametimia, rudi kwenye ile bahasha. Ichape upya barua, maana tarehe zimebadilika. Iwe fupi: unaacha kazi, sababu kwa sentensi moja isiyomshutumu mtu, siku ya notisi kuanza, siku yako ya mwisho kazini, shukrani. Chapa nakala mbili. Mwone bosi mwenyewe kwanza, umwambie kwa mdomo mkiwa wawili, kwa sababu miaka sita inastahili hilo. Kisha peleka masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea asaini. Ukitoka hapo, kabla hujampigia hata mumeo, pita kwa wale wadhamini wako wawili wa SACCOS uwaeleze utaendelea kulipa vipi, wasije wakasikia kwa mtu mwingine.